Jogoo wa Chini ya Kitanda

Mguu wa kushoto wa mume wangu ulikuwa maarufu Temeke nzima kabla mimi sijaolewa. Siku ya posa wajomba zangu walimuuliza mshenga kuhusu kazi ya bwana harusi, ukoo wake na kama anaswali, lakini ilionekana wazi mawazo yao yako kwingine. Mwisho mmoja wao akashindwa kujizuia, akauliza kama kweli ndiye yule winga aliyewatoa jasho watu wa Nairobi. Mshenga akasema ndiye. Posa ikakubaliwa pale pale. Nilizoea kuwatania wajomba kwamba mie niliozwa kwa mguu, na mtu aliyebaki alikuja kama nyongeza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya mwisho mwisho. Mchana mume wangu alikuwa kuli bandarini, ingawa msimamizi wake, naye mpenzi wa mpira, alimpa kazi ya kuhesabu magunia ili asije akaangukiwa na kitu. Jioni alikuwa winga wa kushoto wa klabu kubwa ya huku kwetu. Timu ya nchi ilishamwita, akaenda Nairobi, Kampala na Unguja, na kila aliporudi watu walijaa barazani kumwangalia kana kwamba amebadilika rangi. Dukani hawakumuuliza habari za nyumbani wala za kazi. Waliuliza, "Mguu vipi?" Naye akijibu kwamba mguu mzima, walifurahi, wakaendelea na shughuli zao. Hata mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, kila Alhamisi jioni aliufukiza ubani mguu ule mmoja, akauacha wa kulia ukae hivyo hivyo. Nikimwambia kwamba na ule mwingine ni wa mwanawe, alinikata jicho.

Wanawake wa kwetu hatukwenda uwanjani. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya mikorosho, karibu kiasi kwamba sisi tuliobaki nyumbani tuliufuata mchezo wote kwa kelele. Mimi na mama mkwe tulikaa uani tukichambua mchele, na tulijua mpira uko upande gani. Mume wangu akipewa mpira kelele zilikuwa na namna yake: zilianza chini, zikapanda, zikazidi kupanda, mpaka mtu unasahau mchele. Siku aliyovunjika zilipanda hivyo hivyo, kisha zikakatika. Sikusikia watu kuzomea wala kugombana. Umati wote ule ulinyamaza kwa pamoja, na katika kimya kile nikamsikia mbuzi wa jirani akitafuna maganda. Mama mkwe akauweka ungo chini taratibu.

"Ni yeye," akasema.

Walimpeleka hospitali ya Serikali juu ya kitanda cha kamba. Daktari Mwingereza alisema mfupa umekatika chini ya goti, akamfunga plasta, akasema alale, na mpira asiuwaze mpaka mwaka ugeuke. Dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, aliyetutafsiria alikuwa kijana wa bara, mpole, msalaba shingoni. Alilisema neno la mwaka kwa sauti ya chini, halafu akaangalia pembeni, maana naye alikuwa mpenzi wa klabu yetu. Viongozi wa klabu walisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakatoka nje kushauriana. Mbele yetu kulikuwa na mechi ya kombe dhidi ya watani wetu wa mjini, na kwa wale wazee kuambiwa mwaka mzima ilikuwa sawa na kuambiwa mtu amefariki. Hawakumuuliza yeye anataka nini. Wakamtoa hospitali, wakaikata plasta nyumbani kwetu kwa msumeno mdogo, wakamleta fundi wa mifupa kutoka milima ya Pugu.

Nisimsingizie yule fundi. Alikuwa anajua kazi yake. Watu waliodondoka minazini walitembea kwa mikono yake, na wengine mpaka leo wangekuwa mashahidi kama wasingekuwa wamekwisha kufa kwa uzee. Alikuwa mzee mkimya, mwembamba, mwenye mikono ya baridi hata jua likiwa kali. Aliupapasa mguu wa mume wangu huku amefumba macho, akauvuta ukanyooka, akaufunga kwa fito na vitambaa vilivyolowekwa mafuta. Mume wangu alikuwa ametoka jasho mwili mzima lakini hakutoa sauti. Fundi akanawa, akaniambia nimletee jogoo mchanga, mzima, asiye na kasoro.

Nilidhani ni wa kuchinja. Nikamleta mmoja mweupe mwenye madoa ya kahawia, tuliyemlea wenyewe. Fundi alimpakata, akamtuliza kwa kumpapasa shingoni mpaka akafumba macho, kisha akamvunja mguu wa kushoto, mahali pale pale. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kijiti cha kuwashia moto. Na hapo ndipo mume wangu, aliyevumilia mkono wa fundi bila hata kuguna, alipopiga ukelele uliowatoa majirani ndani.

Fundi akamfunga jogoo kwa fito za namna ile ile, ila ndogo ndogo, akampaka mafuta yale yale, akamlaza chini ya kitanda. Akasema maneno yake bila haraka. Jogoo asichinjwe, asirukwe, asiachwe peke yake. Wale pamoja, walale chumba kimoja. "Siku atakapotembea huyu," alimwambia mume wangu, "nawe utatembea." Ndivyo wafanyavyo mafundi wa mifupa, wala haikuwa siri, ukiingia nyumba ya mgonjwa wa mfupa siku zile ulitazama kwanza chini ya kitanda. Lakini wagonjwa wote niliowajua mimi walikuwa watu wa jembe, watu wa minazi, na jogoo akipona ilikuwa ishara kwamba sasa mtu ataanza kusimama kwa kushika ukuta, na baada ya masika ataonekana shambani akipalilia kwa kukaa. Hakuna aliyewahi kumfunga fito mchezaji mpira.

Tangu siku ile nyumba yetu haikuwa yetu tena. Wapenzi wa klabu walikuja asubuhi na jioni kumjulia hali mgonjwa. Walipiga hodi, wakaingia, wakavua kofia, na kabla hawajampa mkono mume wangu walikuwa wamekwisha kuinama. Waliinama wote, watu wazima na kanzu zao, wakachungulia chini ya kitanda. "Amekula leo?" waliniuliza. Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba amekula wali kidogo na mchuzi, nikidhani wanamuulizia mume wangu. Baadaye nikajua wanamuulizia nani. Waliniletea mtama, chenga za mchele, na mmoja alileta dagaa waliosagwa vizuri kabisa. Mimi na mama mkwe siku nyingine tulikuwa tunakula ugali kwa mchicha mtupu, na jogoo anakula dagaa. Nililisema hilo kwa sauti, ili lisikike. Mama mkwe akanifinya.

Waliogopa pia watani wetu wasije wakamwiba au kumpa sumu, kwa hiyo kukawa na zamu ya watu barazani. Ukienda kisimani unawapita, ukirudi unawapita. Hawakuongea sana. Walikaa wamelielekea dirisha la chumba chetu, na nikilifungua nilikutana na macho. Hawakuwa watu wabaya; wengine walikuwa majirani zangu niliokua nao. Lakini walikuwa wanasubiri, na mtu anayekusubiri ndani ya nyumba yako mwenyewe anakuchuna ngozi.

Kilichonitisha zaidi ni mume wangu. Alikuwa mtu wa mzaha, mpenda kuchokoza. Akawa haongei. Hakuutazama mguu wake. Alitaka jogoo awekwe mahali anapoweza kumwona, na alimtazama kutwa. Jogoo akigoma kula, naye sahani yake ilirudi kama ilivyokwenda. Jogoo yule hakuwika. Alikuwa ameanza kuwika kabla ya kuvunjwa, ile sauti ya kukwaruza ya jogoo anayejifunza, lakini baada ya hapo alfajiri zilipita kimya. Majogoo ya Temeke yote yanaitikiana, letu linakaa gizani limefumbua macho. Mume wangu naye alikuwa amezoea kuamka alfajiri kwenda kukimbia kwenye mchanga wa mikoroshoni. Basi nilipogeuka niliwakuta wote wawili macho, wanasikiliza.

Siku moja adhuhuri nilikuwa natoka kisimani. Mama mkwe alikuwa amemtoa jogoo uani apate jua kidogo, kisha akapitiwa na usingizi, na kivuli kikahama. Nikamkuta jogoo amelala kwenye jua kali, mdomo wazi, mbawa zimelegea. Nilitua ndoo. Sikuwa nimemgusa bado, wala sikuwa nimesema neno, nikamsikia mume wangu ndani akisema, "Mhamisheni. Naungua."

Chumba chetu kilikuwa cha giza na baridi, na dirisha lake lilitazama barabarani. Uani hakuona kitu kutoka pale kitandani. Nikambeba jogoo nikampeleka ndani, nikamkuta mume wangu ameloa jasho, midomo imekauka. Nilimuuliza amejuaje. Hakuonekana kulielewa swali. Aliomba maji, akanywa nusu, akaniashiria nimpe na yule mwingine.

Nilikwenda kumwambia mama mkwe kwamba mimi naogopa, kwamba kitu kile kitoke nyumbani. Nilitegemea angalau yeye, mama mzazi, aogope pamoja nami. Alinitazama kwa macho ya huruma, akasema, "Mwanangu, si ndiyo dawa imeshika?"

Jogoo alitembea mapema kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Kuku ni kuku. Mfupa wake ni mwembamba na uzito wake si kitu. Asubuhi moja alitoka mwenyewe chini ya kitanda, akachechemea mpaka kizingitini, akasimama akatazama nje. Wale wa zamu barazani wakanyanyuka. Hakuna aliyeshangilia. Wakasogea nyuma kumpa njia, na jogoo akapita katikati yao kama Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, anayekagua askari, akaenda kudonoa mchanga. Kabla jua halijapanda habari ilikuwa imefika Kinondoni.

Fundi aliitwa. Alifungua fito za jogoo, akafungua na za mume wangu, akapapasa, akatikisa kichwa kuridhika. Alisema mfupa umeshika, sasa mgonjwa aanze kujifunza kusimama kwa kushika ukuta, polepole, kama mtoto. Alilisema mbele yangu na mbele ya mama mkwe. Viongozi wa klabu hawakulisikia. Walikuwa wamekwisha kutoka nje kupeana mikono.

Siku chache baadaye nilimkuta mume wangu peke yake chumbani amesimama. Alikuwa ameshika mwamba wa kitanda, kanga yangu ameiuma kwa meno, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Mguu wa kushoto ulikuwa umegusa sakafu kwa ncha ya vidole tu. Nilipoingia akaketi haraka.

"Usiseme," akaniambia.

"Nisiseme nini? Kwamba hujapona?"

"Kuku amepona," akasema. "Mie nikisema bado, watasema naogopa."

Maneno hayo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na wazazi wangu. Mtu aliyewahi kupanda meli na watoto wa shule wakamsindikiza hadi gatini, alikuwa anaona aibu mbele ya kuku. Nilimwambia mguu ni wake, maumivu ni yake, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wao haliwaumizi kitu. Alinisikiliza. Aliniuliza kama najua ni kitu gani kingine anachokiweza duniani zaidi ya kile. Mlangoni watu wakapiga hodi.

Mwenyekiti wa klabu alikuja mwenyewe kuomba ruhusa ya kumpanga kwenye mechi ya kombe. Aliiomba kwa mama mkwe, kwa heshima zote, na halua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia, "Mzee, mkisha kumpanga yeye, mpangeni na huyu jogoo wingi ya kulia." Watu walicheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema shemeji ana maneno. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza ana kwa ana kama mguu mzima.  Jogoo alikuwa anatamba uani na mguu wake ulionyooka.

"Mguu mzima," mume wangu alisema.

Siku ya mechi alitoka nyumbani akitembea. Aliuma meno mpaka alipoipita kona, najua, kwa sababu nilimtazama kwa nyuma na nikaona misuli ya shingo. Mimi na mama mkwe tulibaki uani na mchele wetu. Jogoo alikuwa mbele yetu, anaparua majani karibu na kichanja cha vyombo. Tangu mpira ulipoanza niliona kwamba mama mkwe hatazami ungo. Alikuwa anamtazama jogoo. Nami nilikuwa namtazama jogoo. Sikutaka, lakini macho yalirudi yenyewe.

Kelele zilianza chini. Zikapanda. Nilizijua, zilikuwa zake, na nasema kweli kwamba moyo wangu ulifurahi, pamoja na hasira yangu yote. Zikazidi kupanda. Jogoo akaacha kuparua. Akainua kichwa, akaukunja mguu wa kushoto taratibu, akauingiza ndani ya manyoya, akasimama kwa mmoja.

Kelele zikakatika.

Najua kuku wote husimama kwa mguu mmoja. Nimefuga kuku maisha yangu yote, wanafanya hivyo wakipumzika, wanafanya hivyo wakihisi baridi. Nimeambiwa hivyo na watu wengi niliowasimulia, nami nimewaambia kwamba najua. Ila nilichokiona ni kwamba mguu ulikunjwa kwanza, na kimya kikaja baadaye. Mama mkwe alikiona pia. Alianza kusoma Yasini kwa moyo, sauti haitoki, na mchele ukamwagika wote mapajani. Hatukutazamana. Tulikaa tukisubiri kusikia miguu ya watu wanaombeba.

Safari hii hakuna aliyetaja fundi. Mume wangu alikaa hospitali mpaka mvua za masika zikaja zikaisha. Mfupa ulikuwa umepasuka vipande, na kidonda kikawa kibaya. Mguu haukukatwa, na hilo tulimshukuru Mungu, lakini aliporudi ulikuwa mfupi, umepinda kwa nje, na fimbo ikawa ya maisha. Dresa yule wa bara alinieleza nje ya wodi. Nilimuuliza kama amemwambia mwenyewe kuhusu mpira. Akasema hakuhitaji kumwambia, alikuwa amelala ameuelekeza uso ukutani tangu siku ya kwanza, na wenzake wa klabu walikuja mara mbili tatu za mwanzo wakakoma.

Baadaye katika maisha yangu nimewaona wengi wa namna yake. Golikipa aliyevunjika vidole na akawa hawezi kufunga hata vifungo vya shati. Bondia wa Ilala aliyekuwa akisalimiwa barabarani na hawezi kujua nani anamsalimu. Watu hudhani kinachowaumiza ni njaa, au kukosa kazi, na kweli kazi mume wangu aliipoteza, msimamizi alipata mtu mwingine wa kuhesabu magunia. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja nakwambia jambo lingine. Yeye alikuwa bado anaamka alfajiri. Anakaa, anautafuta mguu kwa mkono ndani ya shuka, anaukuta ni ule, anakaa hivyo hivyo mpaka kupambazuke. Alikuwa kijana bado, hata mvi hana, na alikuwa amekwisha kuzeeka kwa jambo moja, na hilo moja ndilo alilokuwa akilijua. Nililia kwa ajili yake nilipokuwa jikoni, kwa sababu moshi haumuulizi mtu analia nini.

Jogoo alianza upya kuwika siku ile ile mume wangu alipolazwa. Aliwika kwa sauti nene, safi, na hakuacha tena. Mama mkwe alitaka achinjwe. Tukakosa mtu wa kumshika. Kila jirani tuliyemwita alikuwa na udhuru. Hata muuza kuku wa sokoni, ambaye kwa kawaida angenunua kuku hata mwenye kideri, alipoambiwa ni yupi alisema ana haraka. Basi tukamwacha. Akanona, akawa mkubwa, mwekundu wa upanga wa kichwani, na alikuwa anakimbia uani kwa namna ambayo watu wakipita nje ya uzio walisimama kumtazama. Alikuwa akikimbia moja kwa moja, kisha anakata ghafla kushoto.  Mume wangu aliporudi kutoka hospitali, jogoo yule aliingia ndani siku ile ile bila kuitwa, akalala chini ya kitanda.

Walikaa hivyo wote wawili. Walikuwa wakifahamiana. Mvua ikikaribia nilijua kwa mume wangu, anavyoanza kuukanda mguu kabla wingu halijaonekana, na nikichungulia uvunguni namkuta jogoo amelala ubavu, mguu ameunyoosha pembeni, macho yamefumbwa nusu. Watu waliomwona uani hawakuwahi kumwona hivyo.

Msimu mpya ulipokaribia, mwenyekiti akapiga hodi. Alikuja na wenzake wawili, kanzu safi, na safari hii hawakuja na halua. Nilidhani wamekuja hatimaye kumpa pole, na ingawa nilikuwa na maneno yangu niliyoyaweka tayari kwa miezi, niliyameza, nikawakaribisha. Mume wangu alisimama kuwapokea. Aliiacha fimbo nyuma ya mlango, akasimama wima katikati ya chumba, mgongo umenyooka, akawapa mkono mmoja mmoja. Nilimvutia kiti. Hakukitazama.

Mwenyekiti alizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mchele, juu ya yule kijana kutoka Gongo la Mboto waliyempata kucheza wingi ya kushoto, ambaye ana kasi ila bado hajatulia. Hakuuliza mguu vipi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe mtu kuingia nyumba ile asiulize. Kisha akafika kwenye lililomleta. Alisema wazee wa klabu wamekaa, wakaona kwamba dawa ya fundi ilifanya kazi, ila bahati mbaya ilimwangukia mmoja ikamwacha mwingine. Kwa kuwa jogoo ndiye aliyepona, na kwa kuwa aliponea mafuta yaliyogharamiwa na klabu, walikuwa wanaomba wampeleke akakae klabuni. Siku za mechi watampitisha uwanjani kabla ya wachezaji, upande wa kushoto.

Nilifungua mdomo. Mume wangu akainua mkono kidogo, nikaufunga.

"Mchukueni," akasema.

Mmoja wao aliinama akamtoa jogoo uvunguni. Jogoo hakupigana. Alipowekwa sakafuni mbele ya wageni alijinyoosha, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, mguu wa kushoto anautupa vizuri kabisa, na wale wazee wakatazamana kwa furaha. Wakamfunika kwa kitambaa, wakambeba.

"Msimweke kwenye sementi," mume wangu alisema. "Mvua ikija, mguu unamuuma."

Mwenyekiti akatabasamu kwa adabu. Akasema kuku yule alishapona siku nyingi, mbona anakimbia na kila mtu anamwona.

"Anakimbia kwa sababu mnamtazama, Mzee. Mkishaondoka analala chini."

 Mwenyekiti aliaga, wenzake wakaaga, wakatoka na mzigo wao, na mume wangu akaitikia kila kwaheri akiwa bado amesimama. Niliwasindikiza mpaka barazani, nikasubiri mpaka wameipita kona. Nikarudi, nikafunga mlango na dirisha. Ndipo akakaa.